Duka la Mtaani na Haki Zisizoandikwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango ya riziki ya halali. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Huenda baadhi ya ndugu zetu wasomaji wakastaajabu kuona darasa la dini likizungumza khabari za duka. Watu wamezoea kusikia mawaidha juu ya udhu na sala na saumu, na hayo ni kheri tupu. Lakini sala tano za mchana na usiku zikikusanywa pamoja hazizidi saa mbili, na mwenye duka hukaa nyuma ya meza yake tangu baada ya alfajiri mpaka baada ya isha. Yawezekanaje dini imwongoze mtu katika zile saa mbili, kisha imwache peke yake katika saa zote zilizosalia? Hukumu za kuuza na kununua ni mlango mkubwa katika vitabu vya fikihi, na tumeona ni wajibu wetu kuusogelea mlango huo kwa lugha ambayo kila mmoja wetu ataifahamu.

Duka tulikusudialo si lile la matajiri wakubwa. Ni duka la nyumba moja katika mji mdogo wa pwani: duka la Lamu au Faza, la Mambrui au Takaungu, la Msambweni au Vanga. Humo mna mchele na unga, sukari na majani ya chai, mafuta ya kupikia, maharagwe, viungo, sabuni, viberiti na mkate wa asubuhi. Baba hulifungua, mama hukaa akati baba akienda msikitini, na watoto husaidia warudipo chuoni na skuli. Duka kama hili ndilo jikoni kwa mtaa mzima. Mtoto hutumwa sukari ya shilingi kumi, mgonjwa hupelekewa maziwa mlangoni kwake, na siku ya msiba duka hilo hilo ndilo litoalo mchele kabla ya jamaa kukusanya fedha. Likifungwa, hupungukiwa mtaa, wala si mwenyewe tu.

Wala kazi hii si duni. Wale Muhajirina walipofika Madina hali wameacha mali zao Makka, Abdurrahman bin Auf alipewa ndugu katika Ansari, naye ni Saad bin Rabii, aliyetaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akakataa, akataka aonyeshwe soko lilipo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa alikwenda huko akafanya biashara ya samli na maziwa yaliyokaushwa, akarudi na faida. Tazameni bidhaa zenyewe: samli na maziwa makavu, vitu vya jikoni. Huyu ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na mwanzo wa utajiri wake katika Madina ulikuwa bidhaa za namna ile ile iliyomo katika maduka ya mitaa yetu.

Sasa twasema lile tulilolikusudia. Maduka haya yanakufa. Kila mji una milango iliyokuwa wazi miaka ishirini iliyopita na leo imefungwa, na watu wakiulizwa sababu hutaja mengi. Wako wasemao ni supamaketi. Wako wasemao ni uchukuzi. Na ni kweli kwamba gunia lifikalo Lamu hupanda lori mpaka Mokowe, likashuka likapanda chombo, likashuka tena likabebwa na hamali au punda, na kila mkono hutaka ujira wake. Wako na wasemao ni husuda ya jirani, wakatafuta kombe la kunyunyiza mlangoni. Hatukatai kuwa supamaketi inachukua wanunuzi, wala hatukatai ughali wa uchukuzi. Lakini twaona kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi, nayo imo ndani ya duka lenyewe: duka limejaa haki za watu, na haki hizo hazikuandikwa. Mwenye kuacha kuandika hapotezi mali yake tu. Hupoteza mali ya wenzake hali yeye hana khabari, na huenda akafa nayo shingoni.

Haki hizo ni tano, nasi tutazitaja moja baada ya moja.

Haki ya kwanza ni ya mnunuzi, nayo ni kipimo. Wazee wetu walipima kwa kibaba na pishi, na kila pishi ni vibaba vinne. Leo twapima kwa kilo na lita. Vipimo vimebadilika na hukumu haikubadilika. Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima iitwayo kwa jina la wapunjao, Suratul Mutaffifin, akawatisha wale ambao wakijipimia wao hutimiza, na wakiwapimia watu hupunguza. Serikali nayo ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inayotaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka. Mwislamu haifai awe ni wa kuogopa muhuri wa mkaguzi kuliko aya.

Na kupunja hakuko katika mizani tu. Ni kupunja kuchanganya maharagwe ya mwaka jana na mapya, na kuweka mbele unga ambao siku yake ya mwisho imepita huku kidole kimefunika tarehe. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Akamwambia kwa nini basi asiuweke ule umaji juu watu wauone. Kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Muslim. Yule mtu hakuleta yeye ile mvua. Alilaumiwa kwa sababu alikificha kilichoharibika.

Tena kuna jambo la vipimo vidogo. Maskini hawezi kununua lita ya mafuta; hununua ya shilingi ishirini, na majani ya chai ya shilingi tano. Kuuza hivi ni msaada, na mwenye duka ana haki ya kuongeza kidogo kwa taabu ya kugawanya na kwa kinachomwagika. Lakini azungushe hesabu usiku mmoja: lita ile moja, ikishagawanywa vipimo vya shilingi ishirini ishirini, imemletea kiasi gani? Akiona kuwa maskini analipa mafuta yale yale kwa bei mara moja na nusu ya anayolipa mwenye uwezo, basi na ajiulize kama hiyo ni faida aliyoikusudia au ni kikombe tu alichorithi bila ya kukipima.

Haki ya pili ni ile ambayo duka linawadai watu. Hapana duka la mtaani lisilokopesha. Msimu wa kusi bahari huchafuka, wavuvi hukaa siku nyingi bila ya kutoka, na majumba yao hula kwa mkopo mpaka upepo utulie. Mwenye mshahara naye hukopa tangu tarehe ishirini mpaka mwisho wa mwezi. Kukopesha huku ni ibada kubwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim khabari ya mtu wa zamani aliyekuwa akiwakopesha watu, akawaamuru vijana wake wamsamehe aliye na dhiki asaa Mwenyezi Mungu naye amsamehe. Na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Walakini aliye na wema huu ndiye mwenye kuhitaji zaidi daftari. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Bakara, haikuteremka juu ya sala wala juu ya vita. Imeteremka juu ya kuandika deni. Humo tumeamrishwa tuandike deni lenye muda, mwandishi awe mwadilifu, yule mwenye kudaiwa ndiye atamke kiasi, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Kisha biashara ya mkono kwa mkono ikapewa rukhsa ya kutoandikwa. Wanazuoni wengi wameiona amri hii kuwa ni ya kupendekezwa na si ya lazima, lakini ni nani mwenye akili atakayeuacha usia mrefu kama huu wa Mola wake?

Wengine husema, “Sisi twajuana, kumwandika jirani ni kumvunjia heshima.” Twawajibu kuwa aya ilishuka kwa watu waliojuana kuliko sisi, waliosali nyuma ya Mtume (S.A.W.) safu moja. Kuandika hakumtuhumu mtu. Sababu iliyotajwa katika aya yenyewe ni kuwa kuandika huondoa shaka, na shaka ndiyo ivunjayo ujirani. Jirani wangapi wameacha kusalimiana kwa sababu mmoja akumbuka kilo tatu na mwenzake akumbuka mbili?

Basi njia ya kufanya ni hii. Kila mwenye kukopa awe na ukurasa wake katika daftari la duka, na kijitabu chake mwenyewe akae nacho nyumbani. Siku achukuapo kitu, kiandikwe pande zote mbili kwa tarehe na bei, naye akitaje kwa ulimi wake. Kila nyumba iwekewe mpaka kwa kadiri ya uwezo wake, nao ujulikane mapema, asije mtoto akarudishwa mikono mitupu mbele za watu. Na bei ya mkopo ikubaliwe siku ile ile. Haifai deni likichelewa kuongezwa shilingi juu yake, kwani hiyo ndiyo riba tuliyokatazwa. Mwenye dhiki ya kweli apewe muda, kama tulivyoamrishwa katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo, na mwenye duka akiweza kumsamehe basi hiyo ni sadaka bora.

Hapa twageuka kwa wanunuzi, maana mawaidha haya si ya mwenye duka peke yake. Kuna watu ambao mwezi ukifika katikati huja dukani na kijitabu, na mshahara ukiingia hupanda gari wakaenda supamaketi na fedha taslimu, wakarudi na mifuko, na wapitapo mbele ya lile duka huharakisha mwendo au hushika kichochoro cha nyuma. Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa aliye na uwezo akichelewesha kulipa amedhulumu. Mwenye duka huyo alikulisha ulipokuwa huna. Kisha ulipopata ukampelekea mwingine. Hatusemi ni haramu kununua supamaketi. Twasema lipa kwanza, halafu nunua upendapo. Imepokewa katika Bukhari kuwa ililetwa jeneza la mtu aliyedaiwa dinari tatu, wala hakuacha cha kulipia, na Mtume (S.A.W.) hakumsalia mwenyewe mpaka Abu Qatada alipolichukua lile deni juu yake. Dinari tatu tu. Ni wangapi kati yetu ambao deni la sukari na mchele limeshazidi hapo?

Haki ya tatu ni ile ambayo duka linadaiwa. Bidhaa nyingi rafuni hazijalipiwa. Zimetoka kwa matajiri wa jumla wa Mombasa au Malindi kwa muda wa wiki mbili au mwezi. Fedha ziingiazo katika mtoto wa meza zaonekana ni za mwenye duka, na sehemu kubwa si zake. Tuchukue mfano. Duka limeuza siku moja bidhaa za shilingi 10,000. Bidhaa hizo zilinunuliwa, pamoja na uchukuzi, kwa shilingi 8,800. Kodi ya nyumba, umeme na leseni, zikigawanywa kwa siku, ni shilingi 500. Iliyobaki ni shilingi 700, na hiyo ndiyo riziki ya siku ile. Sasa mwenye duka akichukua shilingi 1,500 za kitoweo na karo na mchango wa harusi, amekula shilingi 700 zake na 800 za tajiri wake. Akifanya hivyo siku ishirini na tano, zimetoweka shilingi 20,000, na siku ya kulipa husema, “Biashara ni mbaya.” Biashara haikuwa mbaya; ilikuwa na faida kila siku.

Msomaji asidhani kuwa maradhi haya ni ya maduka madogo tu. Nakumatt ilikuwa mali ya ukoo mmoja. Ilianzia mji wa Nakuru kwa biashara ya magodoro, ikakua hata ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya na nchi jirani. Madeni yalipowashinda, waliokuwa wakileta bidhaa wakaacha kuleta, rafu zikawa tupu, na mwezi wa Januari 2020 wenye kudai wakapiga kura biashara ifungwe. Ikiwa jengo kubwa kama lile liliangushwa na madeni, duka la milango miwili litaokokaje kwa kutojua linadaiwa kiasi gani?

Dawa yake ni kupambanua mfuko wa duka na mfuko wa nyumba. Mwenye duka na ajiwekee ujira wake wa wiki kama amwekeavyo kijana wa kazi, auchukue huo, asizidishe. Kila kitokacho rafuni kwenda jikoni kiandikwe kwa bei yake ya kununulia. Hata simu na ipambanuliwe. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha nyingi hupita katika simu, na wako ambao namba ya kulipiwa bidhaa ndiyo hiyo hiyo ya kupokea zawadi ya mjomba na kutuma karo ya mtoto. Jioni hajui ni ipi ya duka na ni ipi ya nyumba. Namba ya duka iwe ni ya duka.

Haki ya nne ni haki ya Mwenyezi Mungu na maskini wake, nayo ni zaka. Bidhaa za biashara zina zaka zikifika nisabu na kutimiza mwaka wa Kiislamu. Wengi katika wanazuoni wa leo hukadiria nisabu hiyo kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na wengine huikadiria kwa fedha. Kila mmoja na amuulize shekhe wake. Mwenye duka achague siku, kwa mfano katika mwezi wa Ramadhani, ahesabu bidhaa zote kwa bei zinazouzwa siku ile, aongeze fedha zilizoko mkononi na madeni anayotaraji kulipwa. Tuseme bidhaa ni za shilingi 1,600,000, fedha ni 250,000, na madeni mazuri ni 150,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Sehemu moja katika arubaini ni shilingi 50,000, na hiyo ndiyo zaka yake.

Tumewasikia watu wakitoa zaka kwa kukisia, wakibeba noti kadhaa mwishoni mwa Ramadhani wakawagawia wajao mlangoni. Huruma hiyo ni njema, lakini hakuna ajuaye kama zaka imetoka au bado. Na tazameni hekima iliyoko hapa: mwenye kutoa zaka kwa hesabu analazimika kulihesabu duka lake mara moja kila mwaka. Ataona unga uliooza nyuma ya rafu, ataona deni la miaka mitatu lililosahauliwa, na ataona kama rasilmali yake imezidi au imepungua tangu mwaka uliopita. Zaka humsafishia mali yake, na papo hapo humwonyesha hali yake.

Haki ya tano ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya warithi. Hapa ndipo majumba yavunjikapo. Baba ana duka, na mwanawe mkubwa ameacha skuli ili amsaidie. Miaka kumi na tano hufungua yeye na kufunga yeye, hula nyumbani na kuvaa kwa fedha za duka, wala hapana siku aliyoambiwa kama yeye ni mwajiriwa, au ni mshirika, au ni mtoto anayemsaidia mzee wake. Kisha baba hufa. Kijana husema, “Duka ni langu, mimi ndiye niliyelikuza.” Ndugu zake husema, “Ni la baba.” Dada zake walioolewa huambiwa wasitake kulibomoa jina la marehemu, na mjane hupewa mchele wa mwezi akanyamazishwa. Wote wawili wamedhulumiwa hapo: kijana amedhulumiwa jasho lake la miaka kumi na tano, na dada na mama wamedhulumiwa fungu alilowapa Mwenyezi Mungu.

Ndugu zetu, fungu la mwanamke katika mirathi si hisani ya kaka yake. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imethibitisha kuwa wanawake wana fungu katika kilichoachwa na wazazi, kiwe kichache au kingi. Duka ni katika hicho kilichoachwa. Tuseme mtu amekufa akaacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na wazazi wake walikwisha kufa. Baada ya kulipa mazishi na madeni na wasia, duka na vilivyomo vimebaki na thamani ya shilingi 1,600,000. Mke ana thumuni, nayo ni shilingi 200,000. Zilizobaki 1,400,000 zagawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume ana mawili, shilingi 560,000, na binti ana moja, shilingi 280,000. Mwenye kumzuilia binti huyu fungu lake, hata kwa maneno matamu ya kulinda jina la baba, amekula mali isiyokuwa yake.

Na mtu asiseme kuwa kugawanya ni kulifunga duka. Warithi waweza kukubaliana duka libaki wazi, kila mmoja akawa mshirika kwa kadiri ya fungu lake. Yule anayekaa dukani akapewa ujira wa kazi yake, na faida ikagawanywa baadaye kwa mafungu. Au kijana akanunua mafungu ya wenziwe kidogo kidogo kwa mapatano yaliyoandikwa. Wasipokubaliana, mahakama za Kadhi zipo. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimezipa mamlaka ya kuhukumu mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Lakini Kadhi naye atauliza: daftari liko wapi? Duka lilikuwa na rasilmali gani? Nani alidaiwa na nani alidai? Pasipokuwa na jibu, kesi huenda miaka, bidhaa zikaisha, na warithi wakabaki kugawana rafu tupu na chuki.

Kwa hivyo twawanasihi akina baba walio hai leo. Muite mwanao usiku huu, umwambie mbele ya mama yake na ndugu zake yeye ni nani katika duka. Ikiwa ni mwajiriwa, aandikiwe mshahara wake. Ikiwa ni mshirika, iandikwe sehemu yake ya faida, nusu au thuluthi, na tarehe ya kuanza ushirika. Ikiwa anasaidia kwa wema wa mtoto kwa mzee, basi na lijulikane hilo pia, asije akadai kesho kile asichoahidiwa. Wekeni sahihi na mashahidi wawili. Haya yatachukua nusu saa. Kuyaacha kumezichukua nyumba nyingi udugu wao.

Ndugu zetu, tumesema haki tano: kipimo cha mnunuzi, deni la duka kwa watu, deni la watu kwa duka, zaka, na mirathi. Zote zahitaji kitu kimoja kisichozidi thamani ya kilo chache za sukari, nacho ni daftari tatu na kalamu: moja ya wanaodaiwa, moja ya wanaodai, na moja ya kuingia na kutoka kwa kila siku. Asiyejua kuandika ana mtoto ajuaye, na aya imeshaeleza kuwa asiyeweza kutamka mwenyewe walii wake amtamkie kwa uadilifu. Udhuru haukubaki. Supamaketi hatuwezi kuzizuia, wala bei ya lori haimo mikononi mwetu. Lakini kalamu imo mikononi mwetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki za wenye maduka yetu, awaepushe na kupunja na kupunjwa, awape wanunuzi wetu nyoyo za kulipa wapatapo, awalinde mayatima na wajane katika mafungu yao, na atufishe hali hatuna haki ya mtu shingoni. Amin. Wabillahi tawfik.